Wimbo wa Harusi ya Senge

Nilianza kutunga nyimbo ndani ya poshomili, pale Saboti, wakati simu za mkononi zilikuwa zimeanza kuonekana mikononi mwa walimu na wanunuzi wa mahindi. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na sikuwa na mahali pa kwenda. Rafiki wa baba alikuwa na kinu cha kusaga unga kando ya barabara, akanichukua. Kazi yangu ilikuwa kupokea mahindi, kuyamimina juu, kushika gunia chini, na kuhakikisha kila mama anaondoka na unga wake, si wa jirani yake.

Mashine ikiwaka, ndani ya kile chumba mtu hamsikii mwenzake. Tulielewana kwa mikono na nyusi. Nikagundua kwamba hapo ndipo mahali pekee Saboti nzima ambapo ningeweza kuimba kwa sauti yote niliyo nayo bila mtu kuniuliza kama naumwa. Mwanzoni niliimba nyimbo za kanisani, kisha za redioni, mpaka zote zikaniishia. Zilipoisha sikunyamaza. Niliendelea tu na maneno yangu mwenyewe: vumbi la unga kwenye kope, mvua iliyochelewa, na mama mmoja aliyezoea kuleta mahindi ambayo hayajakauka kisha akalaumu mashine.

Muziki sikuwa nimeusoma. Shule yetu haikuwa na mwalimu wa somo hilo, wala kinanda, wala hata filimbi. Nilichokuwa nacho ni ile injini ya dizeli. Ilitoa sauti moja nzito tangu asubuhi, nami niliimba juu yake. Baada ya muda nikaanza kusikia kwamba kuna mahali sauti yangu ikifika inatulia juu ya ile ya injini, kama mtu aliyeketi kwenye kiti chake. Kuna mahali pengine ikifika inaning'inia, na mwili mzima unatamani ishuke au ipande ili upate kupumzika. Sikujua mahali hapo panaitwaje. Nilijua pa kuketi na pa kuning'inia, na nikajifunza kumning'iniza msikilizaji kidogo kabla ya kumketisha. Hilo peke yake lilinitosha kutungia nyimbo kwa muda mrefu.

Siku moja mkanda wa mashine ulikatika nikiwa katikati ya ubeti. Injini ilizimwa, na sauti yangu ikabaki peke yake chumbani, imepaa. Akina mama waliokuwa kwenye foleni na magorogoro yao, makopo ya kupimia mahindi, wakageuka wote.

"Kumbe alikuwa anaimba!" mmoja akasema. "Mimi nilidhani anatafuna."

"Si uendelee, bana," mwingine akasema. "Mkanda utatengenezwa saa ngapi, na sisi tumekaa tu hapa? Tuimbie."

Nikawaimbia. Ubeti wa kwanza niliuimba nikitazama sakafu. Wa pili niliuimba nikiwatazama wao, na nilipofika kwenye kiitikio, yule aliyedhani natafuna akakidaka bila kuambiwa. Sijasahau lile tukio. Mtu ambaye hajawahi kuusikia wimbo wangu aliujua mwisho wa mstari kabla sijaufikisha.

Tangu siku hiyo akina mama wa foleni wakawa ndio mtihani wangu. Nilikuwa nawaimbia wimbo mpya mashine ikizimwa, halafu nasubiri. Wiki iliyofuata nilisikiliza nani anakuja akiuimba chini chini. Kama hakuna, wimbo huo niliuacha ufe, na sikuusikitikia. Kama yupo, nilimsikiliza kwa makini zaidi, hasa pale alipoukosea. Mwanzoni nilikuwa nawasahihisha: "Hapana mama, hapo unapanda." Baadaye nikatambua kwamba akina mama watatu wasiojuana wakikosea mahali pamoja, aliyekosea ni mimi. Nikawa nabadilisha wimbo ufuate walikoupeleka, na kila mara ulitoka mzuri kuliko nilivyouleta.

Jambo lingine lilitokana na vinywa vyetu. Wengi wetu wenye asili ya Bungoma tunabadilishana *l* na *r* bila kujua. Senge wangu, dada yake baba, hulala kwa kusema "narara", na hakuna mtu aliyewahi kumwona ana shida ya usingizi kwa sababu hiyo. Lakini kwenye wimbo, watu thelathini wakitamka neno moja kwa namna mbili, linasikika kama mchanga kwenye wali. Kwa hiyo nilizoea kuchagua maneno ambayo midomo yetu haitayagombania. Pahali ambapo ningeweka "lala" niliweka "pumzika". Watu walisema maneno yangu yanateleza vizuri, wasijue kwa nini.

Baadaye nilipata kazi Kitale, kwenye duka la mbegu na mbolea, nikajiunga na kwaya ya kanisa lililokuwa karibu na chumba nilichopanga. Kiongozi wa kwaya alikuwa mwalimu wa shule ya msingi aliyesomea muziki chuoni. Alikuwa na kifilimbi kidogo cha kutolea sauti ya kuanzia, na ubao ambao aliandika do, re, mi kwa chaki kabla hatujaimba chochote. Nilimwambia natunga.

"Vizuri sana," akasema. "Lete wimbo mmoja."

Nikafungua mdomo.

"La, la. Ulete ukiwa umeandikwa."

"Sijui kuuandika, mwalimu."

"Sasa wanakwaya watausoma wapi?"

"Nitawaimbia kila sauti, washike."

Aliniangalia kama mtu anayeambiwa nyumba itajengwa kuanzia paa. Lakini hakuwa mtu mgumu. Alinipa nafasi Jumamosi moja, nikawafundisha sauti ya kwanza, kisha ya pili, kisha ya tatu na besi, nikihama kutoka benchi moja hadi jingine kama mtu anayegawa chai. Kabla ya jua kutua wimbo ulikuwa umesimama. Mwalimu alisikiliza mpaka mwisho akiwa amekunja mikono, kisha akasema mambo mawili ambayo sikuyapenda. La kwanza, nimeanza juu mno, na akina mama wa sauti ya kwanza watakuwa wamekauka koo kufikia ubeti wa tatu. La pili, huo ubeti wa tatu wenyewe haukuwa na kazi yoyote.

Nilirudi nyumbani nimenuna. Nikauimba wimbo peke yangu bila ubeti wa tatu, nikianzia chini. Alikuwa sahihi kwa yote mawili. Jumamosi iliyofuata nilimwambia hivyo mbele ya kila mtu, akacheka, na tangu hapo tukafanya kazi kama watu wanaojuana. Aliwahi kunifundisha ile solfa, do, re, mi zake za ubaoni, kwa miezi kadhaa. Niliielewa kiasi, lakini kila nilipojaribu kutunga nikiwa nayo kichwani, wimbo ulitoka umevaa tai. Nikamwambia nitaendelea kwa njia yangu, yeye aniandikie. Tukakubaliana hivyo.

Ndipo senge akapiga simu kutoka Bungoma, kwa simu ya jirani yake, akipaza sauti kana kwamba ananiita kutoka ng'ambo ya mto.

"Mama," akasema, kwa maana huniita hivyo tangu nikiwa mtoto, "tunafunga ndoa!"

"Nani anafunga ndoa, senge?"

"Sisi! Mimi na mzee!"

Senge na mume wake walikuwa wameishi pamoja tangu kabla sijazaliwa. Ng'ombe walipelekwa zamani, watoto wakazaliwa, wakakua, wakaondoka. Kilichokuwa hakijafanyika ni kanisa tu. Sasa mchungaji alikuwa amewaambia wazee wote wa kanisa lake wabariki ndoa zao, na senge, ambaye hafanyi kitu nusu nusu, alikuwa ameshanunua kitambaa cheupe.

"Na wewe ndiye utanitungia wimbo," akasema. "Lakini sitaki wimbo wa vijana. Ati sijui ua langu, sijui malaika wangu. Mimi nimempikia huyu mtu ugali miaka yote hii. Nitungie wimbo wa mtu kama mimi."

Nilijaribu nikiwa Kitale nikashindwa. Kila kilichotoka kilikuwa wimbo wa vijana, hata nilipowapachika mvi. Nikaomba likizo dukani nikaenda kukaa kwa senge, kwa sababu njia ninayoijua ya kupata wimbo ni kusikiliza watu wakizungumza mpaka nisikie mahali wanapoimba bila wao kujua.

Mzee alikuwa amestaafu ukarani kwenye ghala la nafaka. Alikuwa mtu wa maneno machache, mwenye shati lililofungwa vifungo hadi shingoni hata akiwa anakata majani ya ng'ombe. Kwa siku za kwanza sikusikia kitu. Walizungumza kuhusu ng'ombe, kuhusu dawa ya mgongo wa senge, kuhusu nani ameazima jembe. Kisha jioni moja senge akarudi kutoka sokoni akiwa na kikapu kichwani, akaingia getini. Mzee alikuwa amekaa barazani na alimwona vizuri kabisa. Hata hivyo akauliza:

"Umefika?"

"Bado niko njiani," senge akajibu, akapita mbele yake kwenda jikoni.

Hakuna aliyecheka. Kesho yake senge alitoka kwenye mkutano wa akina mama, na ikawa hivyo hivyo. Umefika? Bado niko njiani. Kesho kutwa alitoka tu kuchota maji kwenye tangi nyuma ya nyumba, na mzee akauliza tena.

Nilimfuata senge jikoni. "Hayo maneno ni ya nini?"

"Maneno gani?"

"Umefika, bado niko njiani."

Akageuza mwiko mara kadhaa. Nilidhani amekasirika. Kisha akaniambia. Walipokuwa bado wageni kila mmoja kwa mwenzake, mtoto wao wa kwanza akiwa bado mgongoni, waligombana, akafunga vitu vyake akarudi kwao Tongaren. Mzee alikuja kumfuata. Hakuja na wazee wala maneno mengi. Alikuja na baiskeli, akakaa nje mpaka senge akatoka. Senge alikubali kurudi, lakini akakataa kupanda baiskeli. Alitembea, mzee akatangulia na mtoto. Alipoingia mwenyewe getini jioni, mzee akamuuliza, "Umefika?"

"Na mimi nilikuwa bado na hasira," senge akasema. "Nikamwambia bado niko njiani. Maana yangu ilikuwa, usifikirie nimeshakaa. Naweza kugeuka. Sasa kila siku akawa ananiuliza. Na mimi nikawa namjibu vilevile. Hasira iliisha zamani, lakini jibu nilikuwa nimelizoea."

"Hujawahi kumwambia umefika?"

"Hajawahi kuacha kuuliza," akasema, kama hilo ndilo jibu.

Nilitoka nje nikaenda nyuma ya zizi la ng'ombe, nikangurumisha koo kama injini ya Saboti, na wimbo ukaja karibu wote kwa mara moja. Mmoja anauliza, wengi wanajibu. *Nani huyo anakuja? Ni mimi. Umebeba nini? Ndizi na kuni. Watoto je? Wamekua, wametoka. Umefika? Bado niko njiani.* Sikuweka *l* wala *r* kwenye jibu, ili kanisa zima liweze kujibu kwa mdomo mmoja.

Nilienda kwanza kwa mzee, kwa kuwa maneno yalikuwa yake nusu. Nilimwimbia pale barazani, nikiogopa kwamba mtu anayefunga vifungo hadi shingoni hatapenda mambo ya nyumbani kwake yaimbwe na watu. Alisikiliza akitazama ng'ombe. Nilipomaliza akasema, "Mstari wa ndizi ni wa kweli. Siku ile ya kurudi alibeba ndizi." Basi. Nikachukua hiyo kama ruhusa.

Senge alilia, akapangusa macho kwa kona ya leso, kisha akaniuliza wimbo unaishaje.

"Ubeti wa mwisho anauliza, umefika? Na kwaya inajibu, nimefika."

"Hapana," akasema. "Hiyo usiimbe wewe."

"Senge, wimbo lazima ukae mahali."

"Hiyo sentensi ni yangu. Kwaya yako iimbe mpaka hapo pa kuuliza. Halafu mnyamaze."

Niliporudi Kitale na kuuleta kwenye kwaya, mwalimu aliuandika ubaoni akaupenda, akatengeneza besi nzuri kuliko ambayo ningeitengeneza mimi. Alipofika mwisho akasimama na chaki hewani.

"Hapa wimbo haujaisha."

"Najua."

"Umewaacha watu juu. Masikio yatauma."

"Najua, mwalimu. Ni kwa makusudi."

Tulibishana. Alisema wasikilizaji watadhani tumesahau. Nilimwambia senge alivyoniambia, naye akatikisa kichwa, akafuta noti ya mwisho ubaoni aliyokuwa ameshaiongeza. Hakika yangu haikutoka kwenye kitabu chochote. Nilikuwa na hakika kwa sababu nilijua kuning'inia kunafanyaje mwilini, na nilijua nani angemketisha kila mtu siku hiyo.

Siku ya harusi mvua ilikuwa imenyesha, na uwanja kati ya geti la kanisa na mlango ulikuwa matope ya kushika kiatu. Mimi na kwaya, tuliosafiri kutoka Kitale, tuliimba tukiwa tumejipanga pande zote mbili. Mzee alisimama mlangoni ndani ya suti, vifungo vyote vimefungwa. Senge aliingia getini na gauni jeupe alilolishika juu kwa mikono miwili, akienda polepole kwa sababu ya mgongo wake, akichagua pa kukanyaga.

Nilikuwa nimeupima wimbo kwa mwendo wa bibi harusi wa kawaida. Beti zikaisha na senge hajafika hata nusu ya njia. Niliona kwaya ikinitazama. Mwalimu akanitazama pia, na kwa macho yake nikajua kwamba ubao wake hauna kitu tena, sasa ni mimi. Nikaendelea kuuliza, majibu mapya nikijitolea mwenyewe. *Umepita wapi? Nimepita Tongaren. Nani amekutuma? Ni moyo. Unaogopa nini? Matope.* Kwaya ilikuwa imesita, lakini kiitikio waliendelea kukijua, na kufikia hapo wageni walikuwa wamekijua pia. Kila nilipouliza umefika, uwanja mzima ulimjibia senge: bado niko njiani. Watu wakawa wanacheka na kuimba. Senge mwenyewe alikuwa anacheka, ameshika gauni, kiatu kimoja kimebaki nyuma kwenye matope na hakurudi kukichukua. Nilimuuliza kila kitu nilichoweza kufikiria mpaka akakanyaga ngazi ya mlango.

Hapo nikainua mkono. Tukauliza kwa mara ya mwisho, sauti zote nne, juu, pale pa kuning'inia: *Umefika?* Tukanyamaza.

Nilisikia maji yakidondoka kutoka kwenye paa la mabati. Senge hakuijibu kwaya, alimngoja mzee, naye mzee hakuelewa mara moja kwamba ni zamu yake kuuliza. Alidhani, kama mwalimu alivyosema, tumesahau. Kisha akamtazama mkewe, akauliza kwa sauti ile ile ya barazani, ya kila siku:

"Umefika?"

"Nimefika," senge akasema.

Vigelegele vilipasuka mpaka nje ya geti. Mzee alifungua kifungo cha juu cha shati lake, akatoa leso, akajipangusa uso wote mbele za watu. Mwalimu alinishika bega, akasema karibu na sikio langu, "Sawa. Hiyo siwezi kuiandika." Kisha akapuliza kifilimbi chake kwa ajili ya wimbo unaofuata, kwa sababu ibada ilikuwa na ratiba.

Mwaka uliofuata wimbo ulikuwa umetembea. Niliusikia kwenye harusi nyingine, mjini, ukiwa na beti ambazo si zangu, bibi harusi akiwa kijana wa miaka ishirini hivi ambaye hakuwa amekaa njiani kwa muda wowote. Haukunikera. Maneno yalikuwa yamebadilika lakini mahali pa kuning'inia palikuwa pale pale, na watu hawakuona kosa lolote.

Kisha wanawake wa kikundi kimoja cha Naitiri wakanitafuta hadi dukani. Walinikuta nikipima mbegu, wakasubiri mpaka mteja akaondoka. Walikuwa wakifungua kisima walichokichimba pamoja, na mgeni mkubwa angekuja, na walitaka wimbo wao wenyewe. Mwenyekiti wao, mama mrefu aliyevaa koti la mvua jua likiwaka, aliniuliza kwanza kama ni kweli nilisomea mambo hayo.

"Hapana," nikamwambia. "Sikusomea."

"Na utaweza?"

"Nitaweza. Mtaimba mkiwa mmesimama au mkitembea?"

Wakatazamana. "Hatujaamua," akasema.

"Mkiwa na ndoo kichwani au mikono mitupu?"

"Na ndoo," mmoja wao akadakia nyuma. "Si ni kisima?"

Nikavuta kiti kutoka nyuma ya kaunta nikampa mwenyekiti, nikawaomba wanieleze walichimbaje, nani alianza, na walikuwa wakiambiana nini pale udongo ulipokuwa mgumu.